Nani Alipima Kipimo? Historia Fupi ya Hojaji za Afya kwa Kiswahili

Leo sina msimbo wa kuwaonyesha wala programu mpya ya kupakua. Nataka tuzungumzie kitu ambacho sisi watengenezaji wa programu hukigusa kila mara bila kukichunguza: hojaji. Watanzania wengi huiita dodoso. Ni ile orodha ya maswali ambayo mteja anakuletea akisema, "Tia hii kwenye simu, majibu yaje moja kwa moja kwenye seva." Nasi tunatia. Tunahakikisha umri ni namba, tarehe haiko mbele ya leo, na hakuna swali lililorukwa. Kisha tunatangaza kwamba data ni safi.

Lakini data safi si lazima iwe ya kweli. Kila anayenunua mahindi au maharagwe katika masoko ya Eastlands anaijua gorogoro. Mkebe ukijaa, umejaa, huna la kubisha. Ila wapo wauzaji wanaobonyeza kitako cha mkebe kiingie ndani. Hesabu inabaki ileile, gorogoro moja, lakini chakula kimepungua. Ndiyo maana serikali ina wakaguzi wa mizani na vipimo. Sasa swali la leo ni hili: hojaji inayokuuliza kuhusu afya yako kisha ikatoa alama 62 kati ya 100, nani hukagua kitako chake?

Swali hili lina historia ndefu, na sehemu nzuri ya historia hiyo imepita kwetu: Dar es Salaam, Makueni, Kampala, Kilifi, na hapa Nairobi. Tuanze mwanzo.

Daktari ndiye aliyetoa alama

Mwaka 1948 katiba ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilianza kutumika. Ilisema afya ni kuwa mzima kimwili, kiakili na kijamii, wala si kukosa ugonjwa tu. Maneno mazuri, lakini utayapimaje? Joto la mwili lina kipimajoto. Msukumo wa damu una mashine ya presha. Uzima wa kijamii una nini?

Mwaka uliofuata, 1949, madaktari wawili wa Marekani, David Karnofsky na Joseph Burchenal, walichapisha kipimo cha hali ya wagonjwa wa saratani waliokuwa wakipewa dawa za kemikali. 100 ni mtu asiye na malalamiko yoyote, 0 ni aliyekwisha kufa, na katikati kuna ngazi za kumi kumi. Kilikuwa kipimo rahisi, na hadi leo kinatumika. Lakini aliyetoa alama ni daktari. Mgonjwa mwenyewe hakuulizwa.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na pesa. Kati ya 1974 na 1982 shirika la RAND lilifanya jaribio kubwa huko Marekani. Familia ziligawiwa bima za aina mbalimbali, nyingine za bure kabisa, nyingine za kuchangia gharama, ili ionekane kama anayechangia ataishia kuwa na afya mbaya kuliko anayetibiwa bure. Wengi wa watu hao hawakuwa hospitalini, kwa hiyo hapakuwa na daktari wa kuwapa alama. Ikabidi waulizwe wenyewe. Maswali mengi yakatungwa, yakajaribiwa, yakapunguzwa.

Kutoka ukoo huo wa maswali, mwaka 1992, John Ware na Cathy Sherbourne walichapisha hojaji ya SF-36. Jina linatokana na idadi ya maswali. Yamegawanywa katika maeneo manane: uwezo wa mwili (maswali 10), kazi kukwama kwa sababu ya mwili (4), maumivu (2), afya kwa jumla (5), nguvu na uchangamfu (4), kushirikiana na watu (2), kazi kukwama kwa sababu ya hisia (3), na hali ya moyo na akili (5). Hayo ni 35. La 36 linalinganisha afya ya leo na ya mwaka mmoja uliopita. Kila eneo hupata alama kuanzia 0 hadi 100.

Huko Ulaya nako, kikundi cha EuroQol kilichoanza mwaka 1987 kilitunga kitu kifupi zaidi, EQ-5D. Maswali matano tu: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Kwa majibu matatu kwa kila swali unapata hali za afya 243, yaani 3 kwa kipeo cha 5. Toleo la majibu matano lina hali 3,125. Kila hali hupewa thamani, ambapo 1 ni afya kamili na 0 ni sawa na kufa. Ukizidisha thamani hiyo kwa miaka, unapata miaka ya maisha iliyorekebishwa kwa ubora wake. Nchini Uingereza taasisi ya NICE, iliyoanzishwa mwaka 1999, hutumia hesabu ya namna hiyo kushauri ni dawa gani zilipiwe na serikali.

Hapo ndipo hojaji ilipogeuka kuwa pesa. Kitako kikiwa kimebonyezwa, anayeumia si mtafiti. Ni mgonjwa ambaye dawa yake imeonekana haina faida kwa sababu maswali hayakuweza kuona nafuu aliyoipata.

SF-36 yafika Dar es Salaam

Mwaka 1991 ulianzishwa mradi wa kimataifa uitwao IQOLA, wenye kazi ya kutafsiri SF-36 katika lugha nyingi kwa utaratibu mmoja. Kiswahili kilipata zamu yake Dar es Salaam katika miaka hiyo ya tisini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999 katika jarida la Quality of Life Research, kwa makala mbili zilizofuatana. Ya kwanza, ikiongozwa na Anita Wagner, ilieleza tafsiri na majaribio ya mpangilio wa maswali. Ya pili, ikiongozwa na Kaspar Wyss wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi iliyoko Basel, iliangalia uhalali wa hojaji kwa wakazi wa jiji. Waliohojiwa majumbani mwao walikuwa watu wazima zaidi ya 3,000.

Naomba tuitazame kazi hii kama watu wa programu, kwa sababu imepangwa kama majaribio ya programu kabisa. Kwanza watafsiri wanaandika Kiswahili. Kisha mtu mwingine, bila kuona hojaji ya asili, anarudisha Kiswahili hicho kwenye Kiingereza, na matoleo mawili ya Kiingereza yanalinganishwa. Ni sawa na kubana faili na kulifungua tena kuona kama kuna kilichopotea. Halafu yanakuja majaribio ya takwimu. Je, maswali ya eneo moja yanakwenda pamoja? Je, kila swali linashikamana zaidi na eneo lake kuliko eneo la jirani? Je, alama zinatofautisha makundi ya watu ambayo kwa akili ya kawaida tunatarajia yatofautiane, kama wagonjwa na wazima?

Ilikuwa kazi ya heshima. Kabla yake, mtafiti aliyetaka kuuliza wakazi wa jiji kuhusu afya yao kwa SF-36 ya Kiswahili alilazimika kutafsiri mwenyewe mezani, na hapakuwa na njia ya kujua kama tafsiri yake inapima kitu. Lakini angalia mahali safari ilipoanzia. Ilianzia kwenye maswali yaliyokwisha kutungwa Marekani. Hayo ndiyo yaliyosafiri. Swali la kwanza halikuwa "Mswahili akisema ni mzima anamaanisha nini?" Lilikuwa "Hili litasemwaje kwa Kiswahili?"

Gofu, mtungi wa maji na sijambo

Tofauti hiyo inaonekana ndogo. Nitoe mifano mitatu ya kwangu.

Mfano wa kwanza. SF-36 ya asili, inapouliza kuhusu shughuli za wastani, hutaja kusogeza meza, kusukuma mashine ya kufyonza vumbi na kucheza gofu. Mtafsiri ana njia mbili. Akiacha "gofu", swali litaeleweka kwa mdomo lakini mtu wa Umoja au Kayole hana picha ya mwili wake akicheza gofu. Akibadilisha, aweke nini? Kufagia? Kufua? Kubeba maji? Mtungi wa lita 20 uliojaa una maji ya kilo 20. Mifereji ikikauka, mtungi huo hupandishwa ghorofa ya nne bila lifti. Je, hiyo bado ni shughuli ya wastani, au imeshakuwa nzito? Mara tu unapobadilisha mfano, ugumu wa swali umebadilika, na alama za Nairobi hazilingani tena na za Boston.

Mfano wa pili ni neno kuweza. Muulize mama mwenye maumivu ya mgongo kama anaweza kupandisha mtungi huo. Atakwambia anaweza, na hasemi uongo, kwa maana jana aliupandisha. Aliupandisha kwa sababu hakuna wa kumsaidia. Hojaji inaandika kwamba uwezo wa mwili ni mzuri. Mwanamke mwenye mgongo uleule, lakini mwenye pesa za kumlipa kijana wa mkokoteni, anajibu kwamba hawezi, na anaonekana mgonjwa kuliko mwenzake. Hesabu imegeuza umaskini kuwa afya.

Mfano wa tatu ni adabu yetu. Ukimwuliza mzee hali, jibu ni sijambo, au nzuri, au tunamshukuru Mungu. Ugonjwa huja baadaye, nyuma ya neno moja dogo: "Sijambo, ila hii miguu." Mtu aliyelelewa hivyo, akiulizwa na mgeni mwenye karatasi "Kwa jumla afya yako ni bora sana, nzuri sana, nzuri, ya wastani au mbaya?", ataanza na salamu. Ila yake haina kisanduku. Ukiwa na wajibuji wengi wa namna hiyo, alama zinarundikana juu kabisa. Watafiti husema kipimo kimegonga dari, na kanuni inayotajwa sana ni kwamba tatizo lipo ikiwa zaidi ya asilimia 15 ya watu wamepata alama ya juu kabisa. Wote waliogonga dari wanaonekana sawa, ingawa mmoja ni mwanariadha na mwingine ana ila.

Mwaka 1998 Michael Herdman, Julia Fox-Rushby na Xavier Badia walipanga matatizo ya aina hii katika mafungu sita ya ulinganifu: wa dhana, wa swali, wa maana, wa utendaji, wa kipimo, na wa kazi. Kwa maneno mepesi: je, wazo lenyewe lipo katika jamii hiyo? Je, swali linafaa kuulizwa huko? Je, maneno yanabeba maana ileile? Je, namna ya kuuliza inafaa, kwa karatasi au kwa mdomo? Je, takwimu zinafanana? Na baada ya hayo yote, je, hojaji inafanya kazi iliyokusudiwa? Kutafsiri na kurudisha kunagusa zaidi fungu la tatu. La kwanza haliguswi kabisa.

Makueni: kuanza na watu

Nchini Kenya kikundi kimoja kiliamua kupita njia ya pili. Mradi uliitwa KENQOL, na uliwaleta pamoja watafiti wa Kenya na wa chuo cha tiba za tropiki cha London, Fox-Rushby akiwa mmoja wao. Walikwenda kwa Wakamba wa Makueni. Badala ya kubeba hojaji iliyoiva, waliuliza kwanza watu wenyewe wanaelewa nini wakisema afya na maisha mema, kisha maswali yakatungwa kutokana na hayo, kwa lugha ya watu hao.

Mwaka 2002 Annabel Bowden na wenzake, wakiwemo Lydia Nyandieka na J. Wanjau, walieleza katika jarida la Health Policy and Planning jinsi walivyojaribu maswali ya KENQOL kabla ya kuyatumia. Kazi hiyo ni ndefu na haina sifa. Unasoma swali kwa mtu, unamwuliza amelielewaje, unarekebisha, unarudi tena. Unachunguza hata maneno ya kujibia, kwa maana "kidogo", "kiasi" na "sana" si rula yenye sentimita sawa. Kwa watu wa programu, hiyo ndiyo kazi ya kukaa na mtumiaji huku akibofya, badala ya kusoma ripoti ya seva kwamba hakuna hitilafu.

Mwaka 2003 Bowden na Fox-Rushby walichapisha mapitio ya tafsiri za hojaji kubwa katika Afrika, Asia, Ulaya Mashariki, Mashariki ya Kati na Amerika Kusini. Walichokiona ni kwamba watafiti wengi walikuwa wakijishughulisha na maneno na takwimu, huku ulinganifu wa dhana ukichukuliwa kuwa upo tayari.

Basi kwa nini dunia nzima haikufuata njia ya Makueni? Kwa sababu ina gharama yake. Hojaji iliyozaliwa kwa Kikamba haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na matokeo ya Dar, sembuse ya London. Mtoaji fedha anataka namba moja ya kuweka kwenye jedwali la nchi ishirini. Njia ya Dar inakupa ulinganisho lakini huna hakika unalinganisha nini. Njia ya Makueni inakupa hakika ya unachopima lakini huna wa kulinganisha naye. Mvutano huu haujaisha hadi leo.

Alfa nzuri isikudanganye

Tupumzike kidogo kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi hudanganyika. Ukisoma ripoti ya hojaji utakuta karibu kila mara sentensi moja: "hojaji ni thabiti, alfa ni 0.78." Alfa hiyo ni ya Lee Cronbach, aliyeieleza mwaka 1951. Inapima kama maswali yanakwenda pamoja. Kawaida 0.70 na kuendelea huhesabiwa kuwa nzuri.

Fanya hesabu hii mwenyewe. Zidisha idadi ya maswali kwa wastani wa uhusiano kati yao. Gawa kwa 1 ukijumlisha idadi ya maswali toa moja, mara uhusiano huo. Maswali 4 yenye uhusiano wa 0.40 yanatoa 1.6 gawa kwa 2.2, yaani 0.73. Sasa chukua maswali 20 yenye uhusiano hafifu wa 0.15. Unapata 3 gawa kwa 3.85, yaani 0.78. Kumbe hojaji dhaifu imeshinda, kwa sababu tu ni ndefu! Alfa haisemi kama umeuliza jambo la maana. Ukiuliza mara kumi kuhusu gofu, majibu yatapatana vizuri sana.

Kuna hesabu ya pili ambayo ripoti nyingi huiruka, nayo ni kosa la kipimo. Chukua kipimo cha 0 hadi 100 ambacho alama za watu hutawanyika kwa 20 kila upande wa wastani, na uthabiti wake ni 0.75. Kosa la kipimo ni 20 mara kipeuo cha pili cha 0.25, yaani 10. Ili useme kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba mtu mmoja amebadilika kweli, tofauti inapaswa kuzidi 1.96 mara 1.41 mara 10, yaani karibu alama 28. Mgonjwa akitoka 50 hadi 60, hiyo inaweza kuwa nafuu, au inaweza kuwa kelele tu. Kwa kundi la watu 100 unagawa kwa 10, na tofauti ya alama 3 inaanza kuwa na maana. Ndiyo kusema hojaji inaweza kufaa kwa utafiti wa watu wengi na isifae kabisa kuamua matibabu ya mtu mmoja mbele yako. Hojaji ni ileile, ila matumizi ni mawili.

Wakaguzi wa Amsterdam

Wakaguzi walifika mwaka 2005. Huko Amsterdam, Uholanzi, kikundi kilichojiita COSMIN, wakiwemo Lidwine Mokkink na Caroline Terwee, kiliona kwamba kila mtafiti anaita hojaji yake "halali" kwa maana yake mwenyewe. Kati ya 2006 na 2007 waliwauliza wataalamu 43 kwa raundi kadhaa za barua hadi wakaafikiana juu ya maneno. Orodha yao ya ukaguzi ilichapishwa mwaka 2010.

Waligawa ubora wa kipimo katika sehemu tatu. Ya kwanza ni uthabiti: ukimpima tena mtu ambaye hajabadilika, unapata jibu lilelile? Ya pili ni uhalali: unapima kile unachosema unapima? Ya tatu ni wepesi wa kugundua mabadiliko: mtu akipata nafuu, namba inasogea? Pia wana kanuni moja ambayo nadhani inatufaa katika programu: alama mbaya kabisa ndiyo inayohesabika. Utafiti ukiwa na mambo tisa mazuri na moja bovu, sehemu hiyo inahesabiwa kuwa bovu. Hakuna kuficha tundu moja kwa wastani mzuri.

Mwaka 2018 walitoa mwongozo mpya juu ya uhalali wa maudhui, wakisema huo ndio muhimu kuliko sifa zote. Wagonjwa wenyewe waulizwe mambo matatu: maswali yanahusu maisha yao? Kuna jambo kubwa lililosahaulika? Yanaeleweka? Ukishindwa hapo, takwimu za baadaye haziwezi kukuokoa. Miaka 16 baada ya makala ya Bowden, mwongozo wa dunia ulikuwa umefika mahali ambapo Makueni palianzia.

Nairobi, Kampala, Kilifi

Wakati huohuo kwetu watu walikuwa wakitafuta njia ya katikati. Viwandani si mbali na hapa Donholm, na Korogocho iko upande wa Kariobangi. Mitaa hiyo miwili imekuwa ikifuatiliwa na kituo cha utafiti cha APHRC tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2006 na 2007 wazee wa miaka 50 na zaidi katika mitaa hiyo walihojiwa kwa hojaji fupi ya WHO, pamoja na wenzao wa maeneo mengine saba ya Afrika na Asia, Ifakara ya Tanzania ikiwemo. Jumla yao ilizidi 46,000. Hojaji ilikuwa na maswali ya hali ya afya na maswali manane ya ubora wa maisha.

Mpango huo ulikuwa na ujanja wa visa vifupi, ambao Gary King na wenzake waliueleza mwaka 2004. Unamsomea mtu habari za mtu wa kubuni, mathalani mama anayepanda ngazi hadi ghorofa ya pili, akasimama kupumua, kisha akaendelea. Unauliza: huyu ana shida kiasi gani? Anayejibu "hana shida" na anayejibu "ana shida kubwa" wanatumia rula mbili tofauti, na sasa unaweza kuziona. Ni njia ya kupima kipimo cha kila mjibuji. Ina masharti yake, kwani inadhani watu wote wamemwona mama yule vilevile, na kwamba unajihukumu kwa rula ileile unayomhukumu mwenzako. Lakini angalau inakiri kwamba rula zinatofautiana.

Kampala ndiko makao ya chama cha Afrika cha huduma shufaa, APCA. Mwaka 2007 ulielezwa utungaji wa kipimo chao kwa watu wenye magonjwa yasiyopona, kikitokana na kipimo cha London cha mwaka 1999. Kina maswali 10, saba ya mgonjwa na matatu ya jamaa anayemuuguza. Linaulizwa hata suala la kuwa na amani. Majibu ni 0 hadi 5, na asiyesoma anaweza kujibu kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka 2010 matokeo ya uhakiki wake yalichapishwa. Tazama kilichofanyika: hawakutafsiri tu. Waliweka jamaa ndani ya kipimo, kwa sababu huku kwetu mgonjwa hauguzwi peke yake.

Kilifi nako, mwaka 2017, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust walichapisha kazi ya kurekebisha na kuhakiki kwa Kiswahili hojaji ya FAHI, ya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, hasa kwa wasiosoma sana. Walichanganya njia mbili: kukaa na watu kusikiliza wanavyoelewa maswali, na baadaye takwimu. Makueni na Dar katika kazi moja.

Sisi wa programu tunaingia wapi?

Tunaingia pale mwishoni, karatasi inapogeuka kuwa skrini. Mfumo wa ODK ulianza mwaka 2008 katika chuo kikuu cha Washington, Seattle, na mradi wa AMPATH wa Eldoret ulikuwa miongoni mwa watumiaji wa mwanzo. Tangu hapo hojaji za karatasi zimepungua sana. Hilo ni jema, ila kuna hatari yake. Skrini inaficha kitako cha mkebe vizuri kuliko karatasi. Kwenye karatasi, mhoji aliweza kuandika pembeni, "anasema sijambo ila anaumwa miguu." Kwenye simu hakuna pembeni. Sisi ndio tulioifuta.

Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, Wakenya wanabishana kila siku ni matibabu gani yalipiwe na kwa kiasi gani. Mabishano hayo yatahitaji namba, na namba za afya inayohisiwa na mtu hutoka kwenye hojaji. Kwa hiyo mteja akikuletea orodha ya maswali ya afya, kabla hujaandika msimbo mwulize:

1. Maswali haya yalijaribiwa kwa watu gani, wa wapi, kwa lugha gani?
2. Kuna mtu aliyewauliza wagonjwa kama kuna jambo limesahaulika?
3. Kosa la kipimo ni kiasi gani, na namba itatumika kwa kundi au kwa mtu mmoja?
4. Ni asilimia ngapi waligonga dari?
5. Kama tumebadilisha mfano, maneno ya kujibia au njia ya kuuliza, ni nani atakayejaribu upya?

Akikujibu kwamba "hojaji imeshahakikiwa," endelea kuuliza: imehakikiwa kwa kazi ipi? Muhuri wa mizani hupigwa kwa mizani ile, sokoni pale, na hurudiwa. Hakuna mizani iliyopigwa muhuri Boston ikabaki halali Gikomba milele.

Na ukipata nafasi, ongeza sehemu moja ya maandishi huru mwishoni mwa kila fungu la maswali. Ipe jina dogo tu: Ila.

Haya, kazi kwenu. Tukutane wiki ijayo, nitarudi kwenye msimbo.